Cherehani Kilichopandishwa Newala

Mwezi uliopita, kwenye harusi moja Newala, waandaaji waliniweka meza ya mbele, na sikushangaa, maana gauni la bibi harusi na sare za wasimamizi wake vilitoka kwenye karakana yangu. Nilichoshangaa ni mtu waliyemkalisha pembeni yangu: Hamisi. Kichwa kimekuwa cheupe kama pamba, meno yamepungua, lakini macho ni yale yale ya uchokozi. Akanitazama kuanzia kilemba hadi viatu, akasimama, akainama kidogo mbele za watu, akasema kwa sauti, "Shikamoo, mheshimiwa." Hamisi ni mkubwa kwangu kwa umri, mimi ndiye wa kumwamkia yeye, basi nikajua utani wake haujazeeka. "Marahaba, mwanangu, umekua," nikamjibu, na meza nzima ikacheka. Tulikula pilau, tukanywa soda, na katikati ya mlo akaweka kijiko chini. "Adelina," akasema, "ule mwaka tulikuwa tunakufa, wewe ulikuwa unajua kwamba tunakufa?" Nikamwambia nilijua. Tena nilijua kabla yake.

Watu wengi wa Masasi wa siku hizi wananijua kwa kibao kilicho barabarani na kwa stashahada ya ubunifu wa mavazi niliyoifuata Dar es Salaam kwa jasho langu, nikishona mchana na kusoma jioni, bila mjomba wala shangazi wa kunishika mkono. Wananijua kwa kuwa nilirudi. Wenzangu wengi waliotoka huku walirudi wakiletwa. Mimi nilirudi nikiendesha. Vijana wa benki na wa halmashauri wakija kuniuliza nimewezaje kudumu wakati maduka mengine yanafunguliwa na kufungwa, husubiri niwatajie chuo. Chuo kilinifundisha mengi na sikidharau, cheti ni changu na nimekifanyia kazi. Lakini siku mwalimu wetu aliposimama mbele ya darasa kutueleza namna biashara ndogo inavyopita kwenye msukosuko, nilikaa kiti cha mbele nikitabasamu, kwa sababu somo hilo nilikuwa nimeshalifanya kwa vitendo, kwenye baraza la duka Masasi na kwenye ua mmoja Newala, nikiwa msichana ambaye hata kitambulisho hana.

Habari za baba na mama sitaziandika hapa, anayezitaka aende Lukuledi akaulize. Nianzie barazani. Lilikuwa baraza la sakafu ya saruji iliyopasuka, mbele ya duka ambalo mwenyewe alikuwa amelifunga na kwenda zake Lindi, na ukiinua macho kutoka kwenye sindano unaona milima ya mawe ya Masasi imekaa nyuma ya paa za bati kama wazee wanaosubiri kuhudumiwa. Nyuma ya baraza kulikuwa na chumba kimoja chenye meza ya kukatia, pasi ya mkaa na harufu ya kitambaa kipya, harufu ambayo mpaka leo nikiisikia naona njaa. Mwenye vyerehani alikuwa Fundi Saidi, Baba Asumini, Myao mwembamba mwenye ndevu zilizochongwa vizuri. Futi yake ya kupimia ilikaa shingoni asubuhi hadi jioni, na mara nyingi aliingia nayo msikitini kwa kusahau, akatoka nayo. Vyerehani vilikuwa vinne. Kimoja alishonea mwenyewe, viwili walishonea mafundi wawili, Hamisi akiwa mmojawao, na cha mwisho, kipya kuliko vyote, alinipa mimi niliyekuwa najifunza, jambo ambalo mjini lilisemwa sana, kwamba Fundi Saidi kamkalisha mtoto wa kike barazani kama mwanamume. Asubuhi tulikunywa chai ya rangi na ming'oko iliyochemshwa kwa chumvi, ile mizizi myembamba ya porini, tukiimenya huku tunapiga soga. Mchana mkewe, Mama Asumini, alileta ugali wa muhogo na mbaazi, au kisamvu cha karanga, na sote tulikula sahani moja. Mimi nilinawa mwisho na kuacha mapema, na Fundi kila siku alisukuma upande wangu tonge la mwisho bila kuniangalia.

Zamani kidogo kabla ya mwaka ule, kitambaa kilikuwa kitu cha kutafutwa. Mtu aliyekipata alikuja nacho kwetu amekifunga ndani ya gazeti kama nyama, akasimama mbele ya Fundi kwa adabu, maana akikikata vibaya hakuna kingine. Kisha biashara ikafunguliwa. Redio ilisema soko huria, na sisi barazani hatukujua maana yake hadi malori yalipoanza kumwaga marobota ya mitumba pale mnadani. Chama cha ushirika kilichokuwa peke yake katika kununua korosho kikaanza kupishana na wanunuzi binafsi waliokuja na mizani zao, na kila kitu kikawa kipya na cha haraka. Mitumba waliipa jina la kafa Ulaya. Watu waliinunua wakicheka: huyu kavaa koti la marehemu, yule suruali ya marehemu, na marehemu wa Ulaya, walisema, walikuwa watu wanene wenye kupenda mifuko mingi. Shati moja zuri lililopigwa pasi lilipatikana kwa chini ya tulichotoza kushona kola. Sijawahi kuona mji ukivaa vizuri kiasi kile, wala sijawahi kuona mafundi wakikaa kimya kiasi kile. Ukipita sokoni ulisikia kelele za wauzaji tu. Ile milio ya vyerehani, ambayo sisi tuliizoea kama mtu anavyozoea mapigo ya moyo wake, ilikatika baraza moja baada ya jingine.

Hamisi hakungoja. Asubuhi moja alikuja hakukaa, akasimama mbele ya Fundi akikuna kisogo. "Baba Asumini, mimi naona nivuke barabara." Na kweli alivuka. Alitandika turubai upande wa pili, uso kwa uso na sisi, akaanza kuuza makoti. Akawa anapiga kelele, "Vaa uondoke! Haina kupimwa, haina kungoja Ijumaa!" huku anatutazama. Fundi alimjibu mara moja tu: "Hamisi, hilo koti mkono mmoja mrefu kuliko mwingine." Hamisi akalipima mbele ya wateja, akakuta kweli, akalivaa mwenyewe akitembea na bega moja juu hadi watu wakalia kwa kicheko. Ndivyo walivyopigana, na jioni alikuja kula ugali kwetu kama kawaida. Lakini cherehani chake kiliuzwa. Baadaye kidogo fundi wa tatu alirudi kwao kulima ufuta, na chake pia kikauzwa. Vikabaki viwili, na mchana mmoja nikiwa napiga pasi barazani nilimsikia Mama Asumini akiongea na mumewe chumbani. "Cha kwako hakina bei, kimeshachoka. Cha Adelina ndicho watu wanakiulizia." Fundi akasema, "Najua." Nilishika pasi palepale mpaka kitambaa kikaanza kunuka kuungua. Fundi asiye na cherehani anaweza kwenda kulima akarudi. Mimi msichana nikiondoka pale, nilikuwa nakwenda kupalilia mikorosho ya watu, na hakuna mtu angeniita tena barazani. Kwa hiyo kila siku niliyoketi kwenye kile cherehani nilikipaka mafuta, nikakifuta vumbi, nikaketi wima, kana kwamba mnunuzi akiona namna tulivyozoeana ataona haya kututenganisha.

Ndipo alipokuja Bibi Somoe. Alikuwa nyakanga, yaani mkuu wa unyago, wa kijiji kimoja kando ya mji wa Newala, mwanamke mfupi, mpana, mwenye kucheka kwa mabega. Alishuka Masasi kwa lori, akapita mbele ya turubai la Hamisi bila kugeuza shingo ingawa Hamisi alimtikisia gauni la hariri, akapanda barazani kwetu na kujitupa kwenye benchi. Wali wake walikuwa ndani, akasema, wasichana tisa, na siku ya kuwatoa inakuja. Fundi wao wa Newala kafunga, naye kaingia kwenye marobota. "Nimewaambia mama zao, mwali hatoki na nguo iliyotoka mgongoni mwa mtu mwingine. Tena mtu mwenyewe hatumjui, hatujui alikuwa na tabia gani." Fundi Saidi aliinuka taratibu, akavuta futi shingoni, na nikaona uso wake ukirudi ujanani. "Nitapanda mwenyewe kuja kupima, bibi." Bibi Somoe akacheka mpaka benchi likalia. "Wewe? Na hizo ndevu? Uingie ndani kwa wali wangu? Utatoka huko umefanywa ngoma!" Akanigeukia. "Na huyu, kachezwa?" "Nimechezwa unyago, bibi," nikasema. "Basi fundi wangu ni huyu." Nasema bila kujisifu kupita kiasi kwamba siku ile, kati ya mafundi wote wa Masasi na Newala, wenye vipara na wasio na vipara, hakuna aliyeweza kuifanya kazi ile isipokuwa mimi.

Nilipanda Newala na futi ya Fundi na kipande cha chaki. Yanayofanyika ndani ya unyago siyaandiki, waliomo wanayajua na wasiomo hayawahusu. Nitaeleza chumba tu: chumba cha udongo chenye dirisha dogo lililozibwa kwa kanga, mikeka mitatu, chungu cha maji kilichofunikwa kwa kawa, na wasichana waliokuwa wakicheka kila nilipowazungushia futi kifuani. Maji ya kunawa nililetewa kwenye kikombe, na mwenye nyumba alisimama hapo hapo akinitazama nisimwage, kwa maana mabomba ya Newala yalikuwa yakitoa upepo na wanawake walishuka bondeni kuteka. "Nyie wa Masasi mnaoga kama samaki," akaniambia. "Na nyie mnaoga kama kuku," nikamjibu, akaridhika, akanimiminia kikombe cha pili. Kabla ya kurudi nilisimama ukingoni mwa uwanda, pale ardhi inapoishia ghafla na bonde la Ruvuma kutandazwa chini, buluu juu ya buluu, nikafikiri kwamba hiyo ndiyo rangi. Mama zao wakakubali: satini ya rangi ya anga. Fundi aliikata mwenyewe. Aliweka kitambaa mezani, akanyamaza kama mtu anayenuia swala, kisha mkasi ukaenda bila kusimama, pande kwa pande, akabakiza vipande ambavyo visingetosha hata kushona kofia ya mtoto. "Gauni likimpwaya mtu ni gunia," alikuwa akisema. Mimi nilishona. Kwa wiki kadhaa baraza likasikika tena, na Hamisi kule ng'ambo akapunguza sauti kidogo, nadhani kwa heshima, ingawa harusini alikana.

Lakini kazi ya wali tisa haikutosha kuuokoa mwaka mzima, na Fundi alijua. Magauni yalipokuwa karibu kwisha alikuja mnunuzi wa korosho wa Newala, mtu wa makamo mwenye kofia safi, Baba Salumu, mmoja wa wale waliokuwa wameinuka na biashara huria. Alitaka cherehani kwa ajili ya mkewe. Alikizunguka cha kwangu, akakanyaga kanyagio mara mbili, akasema kinamfaa, atatoa hela siku kitakapofika kwake. Fundi alikubali akiwa anatazama milima. Lori litakalopeleka magauni ndilo litakalopeleka cherehani, na msindikizaji wa vyote ni mimi. Siku ya kuondoka Fundi mwenyewe alikifunga kwa kamba, kwa uangalifu, akaweka gunia kwenye meza yake kisikwaruzwe. "Utaendelea kukata," akaniambia. "Mkasi hauuzwi." Nikamwitikia. Sote wawili tulijua kwamba hakuna cha kukata.

Tulifika kijijini asubuhi, siku moja kabla ya wali kutoka, na kwa sababu Baba Salumu alikuwa porini kwa wakulima wa korosho, cherehani kilishushwa na kuwekwa uani kwa Bibi Somoe, na gunia lake na kamba zake. Nikaingia ndani na furushi la magauni. Wa kwanza kuvaa alikuwa binti anayeitwa Zuhura. Alipitisha kichwa, akapitisha mikono, nikavuta zipu mgongoni. Zipu ikapanda hadi kiunoni, ikagoma. Nikavuta tena. Zuhura akaacha kupumua ili anisaidie, akawa wa rangi mbaya, zipu haikusogea. Nikajaribisha wa pili, wa tatu. Wote vivyo hivyo. Ndani ya zile wiki walikuwa wamelishwa ugali na kisamvu cha karanga na mihogo ya nazi, hawashiki jembe, hawashuki bondeni kwa maji, wanakula na kulala na kufundishwa, na walikuwa wamenawiri kama inavyotakiwa mwali anawiri. Hakuna aliyelikumbuka hilo wakati wa kupima, si Fundi aliyeshona nguo za mji mzima, si Bibi Somoe aliyekuwa akiwalisha kwa mkono wake, si mimi niliyetoka humo humo nikiwa na mashavu kama maandazi. Na satini ya rangi ile haikuwepo tena, si Newala wala Masasi.

Bibi Somoe aliita mama zao uani. Wakaja wote, wakasimama wakiwatazama mabinti zao kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo, magauni yamefunguka migongo. Mmoja akaanza kulia. Mwingine akasema twende mjini, kuna magauni mazuri sokoni, nani atajua. "Mimi nitajua," akasema Bibi Somoe. "Na mwali atajua." Nilikuwa naangalia viuno vyao, maana fundi akikosa pa kuangalia huangalia nguo, na ndipo nilipoona. Mama wote walikuwa wamejinunulia vitenge vipya vya kuchezea ngoma kesho yake, kila mmoja na ua lake na rangi yake, nyekundu, manjano, kijani cha majani ya muhogo. Baadhi walikuwa wameshavifunga kwa furaha, vingine bado vimekunjwa begani. Nikasema, "Mama zangu, kila mtu anipe kipande cha upande wa kitenge chake. Nitafumua magauni ya wanenu ubavuni, kulia na kushoto, nimwingizie kila mmoja kitambaa cha mama yake."

Walitazamana. Mama Zuhura, mrefu kuliko wote, akakamata kitenge chake kwa mikono miwili. "Changu hakikatwi. Mume wangu kakitoa Mtwara. Sijakichezea ngoma hata mara moja."

"Hicho si unakifunga mara mbili kiunoni?" mwenzake akamwuliza. "Kikikatwa utakifunga mara moja na nusu. Au una siri huko nyuma?"

"Siri ni yako! Mimi kitenge changu kizima."

"Basi sawa," akasema Bibi Somoe kwa upole sana. "Zuhura kesho atatoka mgongo wazi. Tutawaambia watu ndiyo mila ya kwa mama yake."

Kicheko kilichofuata kilimsukuma Mama Zuhura hatua moja nyuma. Akasimama kidogo, akakitazama kile kitenge chekundu, kisha akakifungua kiunoni, akakibusu kwa mzaha kama anayemuaga msafiri, akanipa. "Ukikata kombo nitakukata wewe, Mmakua wee." Sikukata kombo.

Kilichobaki kilikuwa cherehani, na cherehani pekee kwenye ua ule kilikuwa si changu tena. Nilisimama mbele yake nikiwa na mkasi mkononi. Bibi Somoe alifungua fundo la kwanza mwenyewe. Nikatoa gunia, nikatia uzi, nikaketi. Nilishona hadi jua lilipozama, nikaanza tena alfajiri kwenye mwanga wa kwanza, wasichana wakipishana kuja kujaribu ndani na nguo zikirudi kwangu kwa upenyo wa mlango. Nilikuwa kwenye gauni la sita pale Baba Salumu alipoingia uani na baiskeli yenye kibao cha kubebea mizigo nyuma. Akaona kamba chini. "Cherehani changu hicho."

"Shikamoo, baba. Chako. Nimalize hili."

"Marahaba. Malizia."

Akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Nilipomaliza akainuka, na Bibi Somoe akaweka jingine chini ya sindano kabla hajafika. Akakaa. La nane akainuka tena, la tisa likaingia. "Hawa wali wako wangapi, bibi?" akauliza. "Wanaisha, baba, wanaisha," Bibi Somoe akasema, akamletea chai na muhogo, na mtu aliyekwisha kupokea chai hawezi kukunyang'anya kitu haraka.

Wali walitoka adhuhuri. Nimevisha mabibi harusi wa mjini, nimevisha wake za wakubwa ambao siwataji, na maonyesho yangu yamepigiwa makofi kwenye ukumbi wenye viyoyozi, lakini sijapata tena kuona nguo zangu zikitoka mlangoni namna ile. Ngoma zilikuwa zinapigwa, vumbi jekundu liko juu, miavuli imefunguliwa, na wasichana wale wakaja kwa mstari na vichwa vimeinamishwa, satini ya anga mbele na nyuma, na ubavuni kila mmoja mkanda wa kitenge unaoanzia kwapani hadi chini. Mwanzoni watu walitazama tu. Kisha mama zao wakaingia kucheza, na Mama Zuhura akiwa mbele na wekundu wake, na ndipo uwanja mzima ukaona: huyu ni wa huyu, yule ni wa yule. Vigelegele vilipasuka. Bibi mmoja aliyekuwa haoni vizuri alishika ubavu wa mjukuu wake, akafuata ua la kitenge kwa kidole, akasema, "Kumbe wamevishwa mama zao." Sikulipanga jambo hilo, mimi niliziba pengo la zipu. Lakini aliyeziba ni mimi, na mtindo ule ulipoenea uwanda mzima, mafundi wengine wakauita wao, Newala wenyewe walijua ulipozaliwa.

Jioni ile ile walikuja wanawake wa kijiji cha jirani, wenye wali wao ndani, wakiwa na vitenge begani. Wakanizunguka pale uani. Baba Salumu alikuwa bado yupo na baiskeli yake, safari hii amesimama kabisa, kamba mkononi. "Sasa tumemaliza," akasema. Mkewe, Mama Salumu, aliyekuwa amecheza tangu adhuhuri na jasho linamtiririka, akapenya kati ya wale wanawake. "Unafunga nini, Baba Salumu?" "Cherehani chako, mama." "Nani kakwambia nataka cherehani? Mimi tangu lini nikakanyaga kile kidude? Nilikwambia nataka nguo ya kushonwa, wewe ukasikia unachotaka!" Wanawake wakaangua kicheko. "Huyu binti ndiye nilikuwa namtaka, na huwezi kumfunga kwenye baiskeli." Baba Salumu alivua kofia yake safi, akaitazama ndani kama kuna jibu lililoandikwa, akaivaa tena. "Basi nishoneeni mimi shati," akasema, "nisirudi nyumbani bure." Nilimshonea. Lilimkaa vizuri mno.

Nilibaki Newala msimu wote wa kutoa wali, nikimtumia Fundi salamu kwa madereva wa malori kwamba kazi imenishika, bila kutaja cherehani, na msimu wa unyago ulipokwisha jando likanikuta huko, mama wa wavulana wakitaka mashati mapya kwa sababu ile ile. Baadaye, nilipokuwa chuoni nikichora michoro ya soko na mahitaji, nilielewa kwa maneno ya darasani kile ambacho mwili wangu ulikuwa umekwishajifunza: hatukushindana na mitumba, tulitafuta siku ambazo mitumba hairuhusiwi kuingia. Siku nyingine zote tulikubaliana nayo. Ilikuwa ni Fundi Saidi, baadaye, aliyeanza kupunguza suruali za Hamisi na kuyanyoosha makoti yake, na wote wawili wakala ugali kwa kazi hiyo kwa miaka. Mabaraza mengine ya Masasi yalifungwa moja baada ya jingine, wakasema ni serikali, wakasema ni Wazungu. Letu halikufungwa.

Siku ya kurudi nilikaa nyuma ya lori, mkono wangu juu ya meza ya cherehani na mafurushi ya vitambaa vya watu miguuni, kazi ambayo Newala hawakutaka kumpa fundi mwingine. Tuliteremka kutoka juu ya uwanda na milima ya mawe ikatokea. Lori likasimama mbele ya baraza. Pale nilipokuwa nakaa mimi, Fundi alikuwa amemruhusu Hamisi, kwa sababu ya mvua za kwanza, kutundika makoti ya mitumba kwenye msumari na kamba, na makoti yalikuwa yamejaa nafasi yangu yote kama watu waliokuja kwa miadi. Fundi alitoka chumbani na futi shingoni. Alitegemea kuniona mimi na pesa. Akaona cherehani.

"Hakikumfaa?"

"Shikamoo, Baba Asumini. Mkewe hakitaki. Anataka kushonewa."

"Na hayo mafurushi?"

"Ya wenzake."

Alishuka barazani, jambo ambalo hakulifanya kwa wateja, akaja hadi kwenye lori, akaweka kiganja kwenye gurudumu la cherehani, akalizungusha polepole, akasikiliza. Kisha akageuka kule ng'ambo ya barabara, akaita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu mwaka uanze.

"Hamisi! Njoo utoe makoti yako hapa. Mwenye nafasi amerudi."